Nilivyoziokoa dola 7,000 zangu za Roth IRA

Hasira hii nimeiuguza tangu mwaka jana, leo naisema. Mimi ni nesi Dallas, mume wangu anaendesha lori. Mwaka 2024 niliweka kwenye Roth IRA, akaunti ya akiba ya uzeeni, dola 7,000, kiwango chote kwa aliye chini ya miaka 50. Zote zilitokana na zamu za usiku.

Kaka mmoja wa nyumbani ndiye aliyetujazia ritani za kodi. "Dada, jazeni kila mtu yake, mtarudishiwa zaidi." Tukamwamini. Hakutuambia kwamba wanandoa wanaoishi pamoja wakijaza mbalimbali, haki ya kuchangia Roth hupungua tangu dola ya kwanza ya kipato na huisha kabisa ikifika 10,000. Elfu kumi! Kiasi hicho mimi nakipita kabla ya Machi. Wanaojaza pamoja, mwaka huo walianza kupunguziwa kwenye 230,000, na sisi wawili hatukufika hata 190,000.

Niligundua Juni. Nikampigia, akasema ziache humohumo, nani atajua? Jamani, adhabu ni asilimia 6 kila mwaka zikiwa bado humo. Kwangu ni dola 420 kila mwaka! Kampuni inayotunza akaunti nayo ikaniambia nizitoe zote pamoja na faida yake kabla ya Oktoba 15. Nilijaza fomu yao hadi mwisho, mkono ukakataa kuituma. Miguu yangu ilivimba kwa ajili ya pesa zile.

Usiku huo nikakaa na maelekezo ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mpaka karibu alfajiri, nikauona mlango: mliojaza mbalimbali mnaweza kubadili mkajaza pamoja, ndani ya miaka 3. Mliojaza pamoja hamwezi kutengana muda wa kujaza ukishapita. Fomu ya kurekebisha ritani ni 1040-X, na mume lazima asaini, maana deni lolote la kodi ya mwaka huo linakuwa la wote wawili. Mwenzako akiwa na madeni serikalini, ulizeni kwanza.

Ilinigharimu kama dola mia hivi. Mchango wangu ukawa halali, hakuna senti iliyotoka. Tena kumbe kujaza mbalimbali kulitunyima nafuu ya ada ya kulelewa mtoto wetu tukiwa kazini, nayo tukaipata: dola 600. Cheki ilipofika, nikaipeleka moja kwa moja kwenye Roth ya 2025.