Wanaobeba Namche

Jioni hii nimekaa pembeni mwa njia inayoingia Namche, mji mdogo wa milimani huku Nepali, nikiwatazama watu wanavyopanda. Hapa hakuna barabara. Kutoka Lukla, ndege zinakotua, ni kutembea kwa miguu, au helikopta kwa mgonjwa na mwenye fedha.

Uwanja wa ndege wa Lukla ulijengwa mwaka 1964 chini ya Edmund Hillary, yule mpanda milima wa Everest, aliyetaka vifaa vya ujenzi viwafikie Washerpa, wenyeji wa bonde hili la Khumbu, kwa urahisi zaidi. Njia ya kurukia ina mita 527 tu, nayo imeinama: chini genge, juu ukuta wa mlima. Ndege hutua ikipanda na kuruka ikiteremka, na nyingi huja asubuhi, kabla upepo na mawingu havijalijaza bonde. Inasimuliwa kwamba udongo ulikuwa laini, basi Washerpa wakaucheza ngoma na kuukanyaga mpaka ukashikamana. Habari hiyo naipenda mno. Hata uwanja wa ndege, huku, ulianza na miguu ya watu.

Ila walionishika moyo ni wapagazi. Mzigo hukaa ndani ya doko, kikapu cha mianzi, na uzito wake hushikwa na mkanda unaopita kwenye utosi. Mkononi wana fimbo fupi yenye kichwa kipana. Mpagazi akichoka hautui mzigo chini. Huuegemeza juu ya fimbo hiyo, akiwa amesimama vilevile, akavuta pumzi, kisha akaendelea. Mchele, mabati, mitungi ya gesi. Mmoja amepita sasa hivi na mbao ndefu kuliko yeye, na tupo mita 3,440 juu ya usawa wa bahari, ambako mimi napumua kwa shida nikiwa nimekaa.

Njiani nimewasikia wageni wakilalamika kwamba kila unapopanda, chai nayo inapanda bei. Lalamiko hilo linaniuma. Gesi iliyoichemsha imefika kwa mgongo wa mtu au wa mnyama, na anayeibeba anastahili malipo ya haki kuliko sisi tunavyostahili chai rahisi.

Kesho tunapanda kijiji cha Khumjung, kwenye shule iliyofunguliwa mwaka 1961. Nimelifungua begi langu analobeba kijana tuliyefuatana naye, nikatoa vitabu, viatu vya akiba na nguo nzito nisizozihitaji. Vitabaki hapa nyumba ya wageni hadi tutakaporudi.