Baza zangu hazikuwa mbovu

Nyumbani kwetu Wete tangi la maji liko juu ya paa. Maji yakitoka usiku tunawasha pampu, tunapitiwa na usingizi, asubuhi ukuta wa jirani umerowa. Nikaamua kutengeneza kengele kwa Arduino, kibao kidogo cha saketi unachokiandikia programu: waya mbili ndani ya tangi, maji yakizigusa baza, yaani kidude cha kutoa mlio, ilie. Waya zilinichukua jioni moja. Baza ilinila wiki mbili.

Nikiipa volti 5 inasema “tak”, basi. Fundi simu akanambia kwa uhakika kabisa: “Hiyo ishakufa mwanangu, nunua nyengine.” Nikanunua. Tak. Ya tatu, tak. Mwengine akanishauri nitafute amplifaya. Bado inaniuma, maana zote tatu zilikuwa nzima!

Nikabandua kifuniko cha moja kwa kisu. Ndani hamna sumaku wala koili. Mna kisahani chembamba cha rangi ya dhahabu, juu yake kauri nyeupe. Kauri ikipata umeme hujivuta, na kisahani kikapinda nayo. Umeme ukikaa tu, kinapinda mara moja na kutulia. Ndiyo ile tak. Ili kilie, umeme uwashwe na kuzimwa mara nyingi mno kwa sekunde. Zipo baza zenye saketi ya kazi hiyo humo humo ndani, zangu hazina. Siku hizi naenda dukani na betri mbili za remoti mfukoni: ikilia mfululizo inayo, ikisema tak haina.

Amri ya Arduino iitwayo tone, inayowasha na kuzima umeme hivyo, ikaitoa sauti, lakini kwa hezi 440, yaani mara 440 kwa sekunde, hata jikoni haifiki. Basi nikaandika programu ipande kutoka hezi 500 hadi 5000, mia kwa mia, kila ngazi sekunde moja, nami nimekaa uani natega sikio. 2500, 2600… kufika 2700 baza ikapiga ukelele, mama akatoka mbio: “Kwani kuna nini huko?” Nikaruka kwa furaha. Kila kisahani kina masafa yake, na kikiyapata hutetemeka kwa nguvu kwa umeme ule ule. Amplifaya ya nini?

Na kama kwenye Arduino aina ya Uno una taa pia unayoififiza, na iko pini (tundu la waya) namba 3 au 11, ihamishie 9. Tone huzivuruga hizo mbili.

Juzi maji yametoka saa tisa usiku. Baza ikalia, mama akainuka akazima pampu. Mimi sijasikia kitu.