Peugeot ya Baba na Gari Langu la Sasa

Mlango wa Peugeot 504 ya baba ukifungwa, hutoa mlio mzito ambao gari langu dogo la kutoka Japani haliwezi kuutoa. Hata hivyo, uzito wa bati si usalama: bodi ngumu isiyokunjika humwachia abiria kishindo kikubwa cha ajali, ilhali sehemu ya mbele ya gari la kisasa huundwa ikunjike makusudi ili imeze nguvu hiyo kabla haijamfikia mtu kifuani.

Katika matumizi ya mafuta, tofauti huonekana wazi tunapopanda kutoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Timboroa, takriban mita 2,700. Hewa huko ni nyepesi, lakini kabureta ya Peugeot, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina namna ya kulijua hilo. Petroli huzidi hewa ya kuiunguza, injini ikalegea na moshi ukawa mweusi. Gari langu hupima hewa kwa vihisi, nayo kompyuta yake hupunguza mafuta papo hapo.

Sheria yetu ya Kenya inayozuia kuingiza nchini magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 hulaumiwa kwa kupandisha bei. Mimi naiunga mkono, kwa ajili ya mapafu ya watoto wetu.

Linalonisikitisha ni matengenezo. Kabureta baba huifungua mwenyewe kando ya barabara kwa bisibisi. Kihisi kikiharibika, sina budi kumtafuta fundi mwenye mashine ya kukisoma.