CD ya dola moja, na usiruke hata wimbo mmoja

Jamani leo naomba niongelee CD moja tu. Najua saivi hakuna mtu anasikiliza CD, lakini gari yangu ni Toyota ya zamani, ina redio na ule mdomo wa CD basi, simu haiungani nayo. Na mimi nakaa Brooklyn Park huku Minnesota, kazi yangu iko St. Cloud, ni kama maili hamsini na kitu kwenye I-94, naenda usiku narudi asubuhi, kwahiyo hiyo redio ndo mwenzangu. Wabeba boksi wenzangu mnanielewa. Unatoka shifti ya usiku nyumba ya wazee, umegeuza watu, umebadilisha mashuka, umejibu kengele usiku kucha, saa moja asubuhi unatoka nje baridi inakupiga usoni, alafu bado una saa nzima ya kuendesha na macho yanauma.

Hiyo CD niliipata duka la mitumba, dola moja, kasha limepasuka kona. Nilikuwa nimeenda kuwachukulia watoto majaketi, kwenye chenji ikabaki dola nikaichukua tu. Inaitwa Tranceport, imechanganywa na DJ mmoja Mwingereza anaitwa Paul Oakenfold, ya mwaka 1998, nyimbo kumi na moja za watu mbalimbali, zote za trance, ule muziki wa klabu wa Ulaya unaotengenezwa kwa mashine. Mimi nikajua ni zile CD za mkusanyiko, unachagua unaoupenda mengine unaruka. Nikaweka, wimbo wa kwanza dakika mbili nzima sioni mtu anaimba, nikaruka. Wa pili nikaruka. Kila nikiruka nakuta ngoma imeshachanganya zamani, sijui imeanzia wapi, ni kama umeingia harusini watu wameshafika kwenye kutunza na wewe hata bibi harusi hujamuona. Nikaitoa nikaitupa siti ya nyuma, ikakaa huko miezi.

Sasa ikaja siku moja ya Januari, asubuhi iko chini ya sifuri nyuzi 25 hivi, na upepo, theluji inakatiza barabara kama moshi. Kabla sijatoka parking nikaweka CD ya kwanza iliyokuja mkononi, sikuangalia hata ni ipi, nikavaa glavu zile nene nikaondoka. Kufika barabarani ndo naisikia kumbe ni ile ile. Na sasa siwezi kuibadilisha, glavu nene vile huwezi kubonyeza kile kitufe kidogo, na mikono yote miwili iko kwenye usukani maana malori yakikupita yanakumwagia theluji huoni mbele kwa sekunde tatu nne, na sekunde tatu kwenye barafu ni nyingi sana aisee. Basi ikaenda. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuruka hata mmoja kwa mara ya kwanza.

Na hapo ndo nikaisikia, maana siku zote nilikuwa naikatakata.

Kitu cha kwanza, hakuna kimya. Yaani wimbo unaisha na hauishi. Unasikia kwa mbali kitu kipya kinaingia, mara nyingi ni yale matoazi madogo tu ts ts ts, unadhani ni sehemu ya wimbo huu huu, baada ya nusu dakika ndo unagundua ule wa mwanzo umeshaondoka na hukumuona akitoka. Nilipita Clearwater, nikapita Monticello, wala sijui nyimbo ngapi zimepita. Alafu karibu na Albertville ikaingia ile ya saba, Café del Mar ya Energy 52, ni kazi ya Wajerumani wawili ya 1993 ila humu ni ile iliyofanyiwa upya na Three 'N One. Imepewa jina la baa moja ya ufukweni Ibiza, Hispania, watu wanakaa pale kuangalia jua likizama. Mimi siku ile nilikuwa naliangalia likichomoza mbele yangu, maana I-94 ukitoka St. Cloud unaelekea kusini mashariki, jua dogo jekundu halina joto lolote, na ule mlio wa kinanda unapanda kidogo kidogo, ngoma ikanyamaza kabisa, ukabaki mlio peke yake, unazunguka, unazunguka, kila mzunguko unaongezewa kitu kimoja tu. Alafu ngoma ikarudi. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, nasema kweli. Mtu mzima mwenye miaka arobaini na mbili.

Nikawa najiuliza hii hali naijua wapi. Maana niliijua. Haikuwa mpya kwenye mwili. Nimekuja kukumbuka siku ya tatu nikiwa naoga: ni chemko! Waliokulia Dar kwenye muziki wa dansi wananielewa. Mjomba wangu alikuwa ananichukua mdogo hivi kwenda kuwaona bendi ya Sikinde, na wimbo wa dansi haukupi utamu mwanzoni. Kwanza wanaimba, wanakueleza kisa cha watu na ndoa zao, watu wanacheza taratibu wameshikana, tarumbeta zinajibu, unaona kama ndo wimbo wenyewe huo. Kumbe unapikwa. Alafu magitaa yanageuka, waimbaji wanarudi nyuma, linaingia chemko, watu waliokaa wote wanainuka kwa pamoja bila kuambiwa. Wakongo nao wana sebene yao, ni kitu kile kile. Na hakuna mtu ukumbini aliyewahi kusema "rukeni mpaka kwenye chemko", kwasababu bila ile subira chemko halina nguvu, linakuwa gitaa tu linakimbia.

Basi trance ni hivyo hivyo, tofauti yake chemko moja wanalijenga kwa nyimbo kumi na moja. Ndo maana nilipokuwa naruka nilikuwa nasikia kelele.

Tuna rafiki yetu mmoja Mkenya hapa mtaani, anapiga muziki kwenye shughuli zetu, harusi, graduesheni, beibi shawa, sote tunamwita DJ basi. Nikampelekea ile CD nikamwambia nioneshe huyu mtu anafanyaje. Akacheka, akaifungua kwenye laptopu yake ameunganisha na deki, tukakaa kwenye gereji na heta imewashwa. Akanipa hedfoni. "Skiza hapo buda. Hiyo besi imeenda wapi?" Nikamwambia ipo. Akarudisha nyuma. "Skiza tena." Ikabidi nifumbe macho. Ni kweli, kwa muda mfupi besi ya wimbo wa kwanza inatoka na ya wimbo wa pili inaingia palepale, kwenye pigo lilelile, huwezi kuona pengo. Akanionesha kwenye deki yake kuna vidude vitatu vya kuzungusha kwa kila upande, cha juu matoazi, cha kati sauti na vinanda, cha chini besi. Matoazi yanaweza kukaa pamoja ya nyimbo mbili, vinanda vinaweza vikipatana, lakini besi mbili hapana, zikikaa pamoja zinagombana, spika inatoa mngurumo mchafu. Kwahiyo mkono mmoja unafunga besi ya huku mkono mwingine unafungua ya kule, kwa wakati mmoja. Na haufanyi popote tu. Unahesabu, mapigo manne, manne, mpaka thelathini na mbili, hapo ndo wimbo unafungua mlango. Ukikosea kwa manne tu kila mtu anasikia kuna kitu kimejikwaa hata kama hajui ni nini.

Nikajaribu mimi. Kwanza kasi zenyewe lazima zilingane, trance inakimbia mapigo 130 mpaka 140 kwa dakika, house, muziki mwingine wa klabu, iko chini kidogo, 120 na kitu, ukiwa na wimbo wa 132 na mwingine wa 134 inabidi mmoja uuvute taratibu. Wazee wa zamani walikuwa wanafanya hivi kwa santuri na sikio tu, hakuna skrini ya kuwaonesha namba. Mimi na skrini yote ile nilishindwa, nyimbo zikawa zinakimbizana kama farasi wawili kwenye sakafu ya mbao. DJ akasema kwenye shughuli zetu yeye anakata haraka, dakika moja na nusu anahama, maana ukichelewa meza ya akina mama wanaanza kudai rumba, na mixi za kwenye matatu kwao ni hivyo, haraka haraka. Hii ya Oakenfold akasema anaiheshimu kwa kuwa jamaa hana haraka, anamwachia mtu wimbo mpaka uive.

Sasa wacha niseme hili maana nilipoiweka kwenye gari siku moja nimepakia wenzangu watatu wa kanisani, mmoja akaniuliza toka lini nasikiliza muziki wa wazungu. Sikumjibu vizuri siku ile, najibu leo. Kwenda Chicago kutoka kwetu hapa ni kama saa sita na nusu kwa gari, nimeshaenda mara nyingi kumtembelea binamu. Pale Chicago mtaa wa Jefferson kuna jengo lilikuwa klabu inaitwa Warehouse, na DJ wake alikuwa mtu mweusi, Frankie Knuckles, kijana wa New York aliyehamia pale mwaka 1977. Waliokuwa wanakwenda kucheza ni vijana weusi na Walatino, wengi wao watu waliokuwa wanakataliwa sehemu nyingine. Mwaka 1979, tarehe 12 Julai, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park hukohuko Chicago, santuri za disko zilijazwa kwenye kreti zikalipuliwa mbele ya watu, uwanja ukavamiwa mpaka mechi ya pili ya siku ile ikafutwa. Watu walitaka ule muziki ufe. Na wakati huo Knuckles yuko kwenye klabu yake anaendelea kuzikata zile disko, anazirefusha, anaziongezea ngoma, na watu wakawa wanaenda kwenye maduka ya santuri kuulizia ule muziki wa Warehouse, jina likafupishwa likawa house. Knuckles amefariki 2014, na mtaa ule una kibao chenye jina lake. Kwahiyo hiyo ngoma ya nne nne unayoisikia chini ya trance yote ya Ulaya inatoka kwenye mikono ya watu weusi. Sitaki kusikia tena maneno ya muziki wa wazungu.

Na jinsi ulivyofika Ulaya nako ni kwa wahamaji. Oakenfold mwenyewe alisomea upishi, akawa DJ, mwaka 1987 akaenda Ibiza na marafiki zake wakaingia klabu ya Amnesia, enzi hizo haina paa, watu wanacheza chini ya nyota. DJ pale alikuwa Alfredo, Mwajentina wa Rosario aliyeondoka kwao mwaka 1976 wakati jeshi limeshika nchi, akatua kisiwani hana kitu. Huyo Alfredo alikuwa anapiga kila kitu kwa pamoja, house ya Chicago, pop, roki, nyimbo za Kihispania, na Waingereza wale wakarudi London wamebadilika. Alafu kwenye CD yangu nyimbo tatu zina mkono wa Paul van Dyk, yeye amekulia Berlin Mashariki, redio za upande wa pili alikuwa anazisikiliza kwa kujificha maana ule ukuta uliogawa mji unazuia watu lakini mawimbi ya redio hauyazuii. Yeye na mama yake waliruhusiwa kuondoka muda mfupi tu kabla ukuta haujaanguka mwaka 1989. Nikiusikia ule wimbo wake wa tisa humu namfikiria kijana kwenye chumba giza, sauti ya redio chini kabisa, anasikiliza mji ambao uko kilomita chache na hawezi kwenda.

Mimi mji wangu uko mbali kuliko hivyo, na kwenda naweza nikipata nauli, sijilinganishi. Ila nauelewa ule usikilizaji.

Saivi CD naijua yote. Wimbo wa kumi kuna sauti ya mwanamke anaongea, haimbi, huyo ananikuta natoka Maple Grove. Wa kumi na moja ndo nafika kwangu, na nikifika haujaisha nakaa ndani ya gari mpaka uishe, mke wangu alishazoea, anachungulia dirishani anaona moshi wa gari anajua niko.

Wiki iliyopita nikiwa nimekaa hivyo mama akapiga. Huku saa mbili na robo asubuhi, Dar saa kumi na moja na robo jioni, namsikia anachambua mchele, zile punje zinavyogonga kwenye ungo. Akauliza hiyo ngoma ya nini, uko kwenye shughuli? Nikamwambia hapana mama niko kwenye gari nimetoka kazini. Nikataka kuizima. Akasema hebu acha. Tukakaa dakika kama tatu hivi hatuongei, yeye anachambua, ngoma inakwenda, na sijui ni masikio yangu au vipi lakini nilisikia kabisa anapeta kwa mapigo yale yale. Alafu akauliza, "Mbona huu wimbo hauishi?" Nikamwambia ndivyo ulivyo mama, unaunganishwa. "Haya basi, usikate simu," akasema, "wacha nibandike maji."