Nililipia gari la spoti kabla sijalipata

Tangu utotoni nimependa magari mafupi, mapana, yaliyolala karibu na lami. Nilipomaliza chuo na kupata kazi ya kwanza, haukupita mwezi wa tatu kabla sijajikuta nimekaa ndani ya gari jipya jekundu la milango miwili, mikono kwenye usukani, muuzaji amesimama pembeni akinipigia hesabu.

Hesabu yake ilikuwa na namba moja tu: kiasi cha kulipa kwa mwezi. Nilipomwambia ni kikubwa, hakugusa bei ya gari. Alirefusha mkopo kutoka miaka 3 hadi 6, namba ikashuka, nami nikaondoka na furaha tele, ingawa nilikuwa bado sijasaini.

Usiku nilikaa na kikokotoo. Chukua mkopo wa 100 wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Ukiulipa kwa miaka 3, kila mwezi unatoa kama 3.3, na riba yote inafika takriban 20. Ukiulipa kwa miaka 6, kila mwezi unatoa karibu 2, lakini riba inafika takriban 41. Isitoshe, gari jipya hushuka thamani kwa kasi katika miaka yake ya mwanzo, na huo ndio wakati ambao deni refu linapungua polepole. Kuna kipindi kirefu hapo katikati ambacho hata ukiliuza gari, pesa utakayopata haimalizi deni.

Kesho yake niliulizia bima, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Nilijijua kuwa dereva mwangalifu, lakini kampuni ya bima haipimi hilo kwa maneno yangu. Iliangalia umri wangu wa miaka 23, leseni changa, nguvu ya injini na mahali ambapo gari lingelala. Nilipoigawa ada ya bima kubwa kwa miezi 12, ilikaribia rejesho la mkopo wenyewe. Kuikwepa nisingeweza, kwa sababu mkopeshaji alitaka gari liwe na bima hiyo mpaka deni liishe. Na bado nilikuwa na mkopo wa masomo wa kulipa.

Sikutaka kuiacha ndoto ile, ila nilitaka kujua ukweli wake. Nikaamua kuanza kulipia gari ambalo sina. Nilifungua akaunti ya pembeni, na kila siku ya mshahara nikahamishia humo yote ambayo lile gari jekundu lingenidai mwezi ule: rejesho, bima, mafuta, oili, pamoja na fungu la matairi na breki. Jumla ilikuwa asilimia 38 ya pesa iliyoingia mkononi mwangu.

Mwezi wa kwanza niliweza. Mwezi wa pili nilichomoa kidogo. Mwezi wa tatu simu yangu iliharibika, nikachomoa nusu. Kama ningekuwa nimesaini ule mkataba, mwezi huo ningekuwa nadaiwa na mtu ambaye hasikilizi habari za simu. Nashukuru sana kwamba niliijua hali hiyo mapema, wakati pesa ikiwa bado yangu.

Nikashusha kiwango hadi asilimia 22, nacho nilikiweza bila kuumia. Kwanza nilijaza akiba ya dharura ya miezi 3, huku rejesho la mkopo wa masomo likienda kila mwezi bila kukosa, kisha nikaielekeza asilimia hiyo kwenye gari. Niliendelea kupanga nyumba moja na wenzangu wawili, na Jumamosi nilifundisha hesabu wanafunzi wa sekondari. Ilichukua miezi 14 baada ya akiba kutimia.

Asilimia 22 isingenunua gari jipya, kwa hiyo nikageukia magari ya zamani. Huku nako kuna mtego. Gari la spoti lililokuwa ghali likiwa jipya linaweza kushuka hadi bei ya kawaida kabisa, lakini spea zake hazishuki nalo. Diski za breki, klachi na shokapu bado zina bei ya gari la tajiri. Ndiyo maana nilitafuta gari lililotengenezwa kuwa jepesi na rahisi tangu mwanzo, na macho yangu yakatua kwenye Mazda MX-5. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989: viti viwili, injini mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, paa la turubai. Mwaka 2016 la milioni moja lilitoka kiwandani, kwa hiyo spea zipo nyingi, mpya na za mtumba, na mafundi wengi wanalielewa.

Niliyapenda yale ya kizazi cha pili, yaliyotengenezwa hadi 2005. Lenye injini ya lita 1.8 lina nguvu za farasi kama 140 tu. Mtu akisikia hivyo anaweza kuguna, lakini gari lenyewe lina uzito wa tani moja na kidogo, na kwenye kona uzito unaoukosa ni raha kuliko farasi unaowaongeza. Na bima yake, kwa farasi wale wachache, ilikuwa chini ya nusu ya ile ya gari jekundu.

Sikwenda kulitazama gari hata moja bila fundi. Nilimlipa mzee mmoja mwenye gereji ya peke yake, naye alinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Gari la kwanza lilinivutia sana kwa bei. Lilikuwa na injini ya rotari. Mzee aliuliza swali moja: "Limepimwa kompresheni kwa kipimo cha rotari?" Mwenye gari hakuwa na jibu. Njiani mzee akanieleza kwamba injini hiyo haina pistoni, bali rota zenye pembe tatu, na kila ncha ina sili yake ya kuzuia hewa isivuje. Sili zikichoka kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa ndani ya injini, inakufa, na kuifungua injini nzima kunaweza kuzidi bei ya kununulia. Tena kwa kawaida yake inachoma oili, hivyo asiyekagua kijiti cha kupimia oili mara kwa mara anaiua taratibu. "Ni injini nzuri kwa mwenye akiba, kijana wangu," akasema. "Wewe hiyo akiba bado."

La pili lilikuwa MX-5 iliyopakwa rangi ikang'aa. Mzee hakuitazama rangi. Alipiga magoti mbele ya tairi la nyuma, akagonga bodi kwa vidole, na sauti iliyorudi ilikuwa nzito, kama ya ukuta uliokandikwa. Chini ya rangi kulikuwa na plasta, na chini ya plasta kutu. Paa la turubai lina mifereji miwili ya kupitisha maji ya mvua, na majani yakiiziba maji hukaa ndani ya bodi na kuila kutoka ndani. Tuliondoka.

La tano ndilo langu. La kijani kibichi, kiti cha dereva kimechanika ukingoni, lakini chini ni kavu, na mwenyewe alikuwa na risiti za miaka 9 kwenye faili. Nilinunua kwa pesa taslimu, na robo ya bei yake nikaibakiza kwenye akaunti kwa matengenezo. Theluthi mbili za hiyo robo ziliondoka ndani ya miezi 3. Mkanda wa taiming na pampu ya maji tulibadilisha pamoja, kwa kuwa kuifikia pampu ni kazi ileile. Matairi yalikuwa na kashata nzuri, lakini ubavuni yaliandikwa 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata usipotembea, na huu ulikuwa umekauka ukawa mgumu. Nikanunua manne mapya, ya aina nzuri, bila kusita. Kwenye lami yenye maji ndiyo yanayonishikilia.

Bima nilichukua kubwa ingawa hakuna aliyenilazimisha. Ada niliishusha kwa kukubali kubeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijalipa, na kiasi hicho nimekitenga. Ekzosi ya kelele niliitamani, nikaiacha, kwa kuwa marekebisho ya aina hiyo hutakiwa kuripotiwa na yanaweza kupandisha ada.

Sasa ni mwaka na miezi 2. Asilimia imeshuka hadi 12, na bado naihamisha kila siku ya mshahara. Zinazofuata ni shokapu za nyuma. Asubuhi za Jumapili, kabla barabara hazijajaa, natoka nalo na paa limefunguliwa, gia ya tatu, injini inapanda hadi nasikia ile sauti niliyoisubiri tangu utotoni. Nikirudi naliosha, kisha natumbukiza kamba laini ya plastiki kwenye mifereji, kushoto na kulia, namimina maji kikombe kimoja kila upande na kuinama kuyaangalia yakitoka chini, mbele ya tairi la nyuma, masafi.