Samaki wa Vioo kwenye Magulio ya Uingereza

Ndugu zangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, kule Kigoma, mnaoulizia kazi ya vioo vya rangi huku Uingereza: anzeni na viza, kioo kitafuata. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na kupanga bidhaa zako gulioni ni kujiajiri, hata iwe Jumamosi moja. Mwenye ruhusa ya kujiajiri anaweza kuuza hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi bila kujisajili kwa watu wa kodi. Hayo ni mauzo yote, si faida.

Kinachotoka gulioni ni vitu vidogo vya kutundika dirishani. Hapo mtu wa Kigoma ana mtaji, kwani wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika wanafugwa huku majumbani, na wafugaji wao wanawafahamu mstari kwa mstari. Ukikosea rangi ya pezi utaambiwa. Mgebuka, pamoja na utamu wake, achana nao: ni mwembamba wa rangi moja, ukitundikwa unafanana na kisu.

Mazoezi ya kukata yafanyeni hukohuko. Mafundi wa madirisha wana mabaki ya kioo cha milimita 3, unene uleule unaotumika huku. Chupa hazifai kwa kuwa zimepinda. Chovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa, kisha pitisha mara moja tu, ukingo hadi ukingo. Ukirudia mstari uleule unaliharibu gurudumu, na ufa unakwenda unakotaka wenyewe. Sehemu inayovunjika zaidi ni kiuno cha samaki, kabla ya mkia, kwa sababu kioo hakipendi pinda la kuingia ndani. Dawa yake iko kwenye mchoro: weka kiungo hapo kiunoni, mkia uwe kipande chake.

Saga kingo, osha mafuta yote, ndipo uzungushie utepe wa shaba wenye gundi, ambao ndio utakaolehemiwa. Kwa kioo cha milimita 3 tumia utepe wa milimita 5.6, ubaki kama milimita 1.3 kila upande. Usugue kwa kijiti mpaka ulale.

Kwenye kulehemu, chagua waya wa kulehemia wenye bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Unaanza kuyeyuka nyuzi 183 na kufikia nyuzi 190 hivi umekuwa maji kabisa, kwa hiyo unaganda upesi na mgongo wa kiungo unatoka mviringo. Wa nusu kwa nusu huchelewa kuganda, huacha mabonde. Pasi ya kulehemu iwe ya wati 80 hadi 100. Ile ndogo ya fundi redio inapoa njiani. Ila usiishikilie sehemu moja, kioo kitapasuka kwa joto. Risasi ni sumu: usilehemu kwenye meza ya chakula, fungua dirisha, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Hereni zinataka waya usio na risasi, maana sheria inaruhusu risasi isiyozidi asilimia 0.05 kwenye vito. Dawa ya kulehemu, ile inayopakwa kwenye shaba ili waya ushike, ioshwe siku hiyohiyo, la sivyo viungo vinaota ukungu mweupe.

Kosa linalorudisha wateja wakiwa wamenuna ni kulabu. Ukiilehemu kwenye utepe wa ukingoni, utepe unabanduka wote, kwa sababu umeshikwa na gundi tu. Iingize pale vipande viwili vinapokutana. Kata umbo la samaki kwenye kadibodi, litundike, utafute sehemu ambayo haliinami kichwa. Hapo ndipo kiungo cha juu kichorwe, kabla hujagusa kioo.

Waandaaji wengi hudai bima ya madhara kwa wateja, na meza hulipiwa. Piga hesabu: meza ikiwa pauni 40 na kila samaki akikuachia pauni 8 baada ya vifaa, watano wa kwanza ni wa meza. Usitundike kitu kwenye bomba la hema, upepo utavigonganisha. Tengeneza fremu ya mbao yenye miguu mizito. Biashara inachangamka Novemba na Desemba, na miezi hiyo giza linaingia saa kumi jioni. Kioo kisicho na mwanga nyuma huonekana cheusi, hivyo beba taa bapa ya betri, na betri ya akiba, maana baridi inazimaliza haraka.