Bad Brains na uzuri wa kelele chafu

Oya wadau, mkisikia mtu wa Arusha anasikiliza panki (punk), ile roki ya kasi na kelele, mnaanza kucheka, eti muziki wa wazungu wenye nywele za kijani. Haya, Bad Brains ni bendi ya masela weusi wanne wa Washington D.C., marasta kabisa, na kabla ya panki walikuwa wanapiga jazi fyuzheni, yani jazi iliyochanganywa na roki, ndo maana nakereka mtu akisema ile spidi ni fujo ya watu wasiojua kupiga vyombo. Wanajua sana, ndo wakaamua kukimbia.

Chukua ile kaseti yao ya 1982, yenye kava la njano na radi inapiga jengo la bunge la Marekani. Mwanzoni ilitoka kwa kaseti tu, na imerekodiwa kichafu hasa, dramu za Earl Hudson zinagonga kavu, gitaa la Dr. Know linakwaruza mwanzo mwisho, afu besi ya Darryl Jenifer inakimbia huko chini bila kupotea hata kidogo, yani ukiifuata hiyo besi peke yake unachoka wewe. H.R. naye anamwaga maneno kama konda wa kifodi cha Ngarenaro aliyemwona trafiki, mara anapanda juu anapiga ukelele, huambulii kitu hata ubandike sikio kwenye spika. Nyimbo kibao hazifiki hata dakika mbili.

Afu ghafla rege. Taratibuu, mwangwi mwingi, utadhani hakuna kilichotokea. Hapo washkaji wa Kijenge ndo wanaanza kutikisa vichwa, maana rege ya kwetu hiyo, nikiwaambia ni walewale waliokuwa wanapiga kelele sasa hivi wanabisha mpaka niwaonyeshe kwenye simu.

Albamu ya 1983, Rock for Light, aliisimamia Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, imenyooka zaidi na wapo wanaoipenda. Mi hapana bwana. Kwenye kaseti nasikia chumba, watu wanne wamebanana wanatoka jasho, ile nyingine nasikia studio. Hata singeli iko hivyo, ile iliyopikwa geto ndo inakurusha, wakishaisafisha iende redioni inapoa.

Ukitaka kuanza weka sauti juu, hedifoni achana nazo. Jirani yangu hapa Sakina keshagonga ukuta mara kadhaa, ila ikifika rege ananyamaza, juzi kaniuliza hao ni wa Jamaika gani.